Sikio la Mama Kwenye Mti

Juzi mke wangu aliagiza sanamu. Nyumba yetu ya Kitale imekwisha, ghorofa mbili, vigae vyekundu juu, geti la kufunguliwa na mlinzi mwenye sare, na yeye akaona uwanja wa mbele una nafasi tupu inayomsumbua. Basi asubuhi pikapu ikaingia na mwanamke wa mti, mrefu karibu kama mimi, amebeba mtungi, bado ananuka vanishi na unga wa msumeno. Fundi alikuwa ameshaanza kuchimba shimo la kumsimamisha. Nilishuka ngazi na ndala mguuni, nikamwambia apakie mwanamke wake, afukie hilo shimo, aende. Mke wangu alinuna mpaka jioni. Wanangu, ambao nimewasomesha mimi mwenyewe mpaka wakajua kunicheka kwa Kiingereza, walisema ati mzee ana ushamba.

Mimi si mtu wa kuogopa, na wanaonijua wanajua. Nimevuka daraja la mto Nzoia na lori limejaa ndizi, breki zimekufa, nikashika usukani kama naongoza ng'ombe. Nimesimamia mjengo wangu bila injinia, na ukuta haujapata ufa hata mmoja. Hakuna mtu kati ya Kitale na Bungoma anayeweza kusimama aseme alinishika mkono nikifika hapa. Lakini ile harufu ya vanishi, pamoja na lile shimo, bana, vilinirudisha kuwa mtoto wa darasa la nne. Na darasa la nne ndilo darasa langu la mwisho, sifichi. Wacha nieleze ilivyokuwa. Nawaeleza hasa nyinyi wa rika langu, mliokunywa maziwa ya pakiti shuleni na kukanyaga umande na miguu mitupu, maana hawa wa siku hizi wataniuliza maswali mpaka nichoke.

Tulikaa Matulo, upande wa Webuye. Baba alikuwa na ndugu mdogo anaitwa Wafula, mtu wa mzaha, ndiye alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Wafula alivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi wakati huko kulikuwa na vita, na hakurudi. Waliotoka huko walileta habari za kupishana. Huyu alimwona Mbale akiuza sigara, yule alisikia alikamatwa na wanajeshi. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisikia mbwa wakibweka anatoka nje kuangalia njia. Ilifika mahali wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mtu hawezi kuachwa hewani namna hiyo. Azikwe.

Mimi nilidhani mwili umepatikana. Nilichoona asubuhi ya mazishi ni baba anaingia kwenye migomba ya mama na panga, anauzunguka mgomba mmoja mnene, anaukata, kisha anapima urefu wake kwa mkono. Waliumenya maganda ya nje mpaka ukabaki mweupe, laini, unatoa maji. Wakauvalisha shati la Wafula, lile la mistari, ambalo kiwiko chake Kukhu alikishona na uzi mwekundu. Wakaufunga kwenye blanketi. Wanawake wakaangua kilio, na si kilio cha kuigiza, mama yangu alilia mpaka akashikiliwa. Mchungaji wetu alikuja, lakini alikataa kuombea mgomba. Alisimama kando akatuombea sisi tulio hai.

Hiyo ni desturi yetu Wabukusu. Mtu akipotelea mbali na mwili usionekane, mgomba unazikwa mahali pake ili yeye apate pa kupumzikia na waliobaki waendelee na maisha. Leo naielewa na naiheshimu. Lakini wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka minane tisa, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Nilivuta leso ya Kukhu pale kaburini nikamuuliza, na baba mdogo akitokea kesho?

"Hatatokea," Kukhu akasema. "Na akitokea, huyo si Wafula. Wafula ni huyu tumeweka chini."

Nilipotaka kuuliza tena alinifunika mdomo na kiganja. Akaniambia kifo cha mtu hakizungumzwi ovyo, mdomo wa mtoto unaweza kukiita.

Basi na mimi, kwa akili yangu ile, nikajitungia sheria. Nikasema kumbe mtu anaanza kufa kwa kutengenezewa mfano. Mfano unawekwa alama yake, kama ule uzi mwekundu. Mfano ukiingia kwenye udongo, mwenyewe anakatika hapo hapo, popote alipo, hata kama ana afya, hata kama anacheka. Nilimwona Wafula kabisa kwenye mkahawa wa Mbale, ameshika kikombe cha chai, na jembe la kwanza la udongo lilipoanguka Matulo, kikombe kikamtoka mkononi. Kwa muda mrefu sikuweza kumeza ndizi. Mama alidhani nina minyoo akanipa dawa chungu.

Mama ndiye alikuwa mfanyabiashara wetu. Baba alilima, lakini pesa ya chumvi na ya sare ilitoka kwa mama. Siku za soko kubwa alipanda lori la ndizi mpaka Kitale, siku nyingine aliuza Bokoli. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, na alikuwa na alama mbili ambazo ungemjua nazo gizani. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, kiliwahi kuvunjwa na mchi. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka pale chini kwenye ndewe, limegawanyika mara mbili. Hilo nililipasua mimi nikiwa mchanga, kwa kuvuta herini. Alipokuwa na hasira alilishikashika. Alipokuwa anafikiria bei alilishikashika.

Sasa, tukiwa darasa la nne, Mwalimu Khaemba akatangaza kwamba tutapelekwa Kitale kuona maonyesho ya sanamu. Hakuna aliyejua ni nini hasa. Sisi tulifurahia lori. Tulipanda Alhamisi asubuhi tukiimba, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa, na nakumbuka nilijidai mbele ya wenzangu kwamba mimi Kitale naijua, ni kwetu, mama yangu anauza huko. Hata siku hiyo nilikuwa na majivuno, ni kitu nilizaliwa nacho.

Ukumbi ulikuwa karibu na posta. Sakafu ilipakwa nta nyekundu, madirisha yalikuwa juu sana, na ile harufu ya vanishi na mti mbichi ilitupiga puani kabla hatujaingia. Tulitulia wenyewe bila kuambiwa. Watu walisimama kila mahali, lakini hawakuwa watu. Kulikuwa na kichwa peke yake juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Kulikuwa na wanawake watatu wa jiwe wenye mgongo mmoja. Kulikuwa na mkono unaotoka kwenye gogo, vidole vimetanuka, kama mtu aliye ndani anataka kuvutwa. Wengine walianza kucheka kile kicheko cha kujikaza. Mimi nilijisogeza katikati ya kundi ili kitu kisiniguse upande wowote.

Aliyetupokea ni kijana mmoja mwenye nywele nyingi na shati lisilochomekewa. Alisema kazi yake ni kutuongoza, lakini hatatuambia chochote, sisi ndio tutamwambia tunaona nini. Mwalimu Khaemba hakupenda. Alikohoa akasema wale wanawake watatu wanaonyesha umoja, na mkono unaonyesha bidii ya kazi. Kijana akamshukuru, kisha akageukia sisi. Alikuwa na sanamu ya chuma, mtu aliyeundwa kwa minyororo na spoku za baiskeli. Akauliza, huyu ni nani?

Barasa, jirani yangu wa dawati, mtoto asiyejua kunyamaza, akasema huyo ni mwizi wa baiskeli, na baiskeli imemmeza.

Tulitazamia apigwe kofi. Lakini kijana alipiga makofi yeye mwenyewe. "Sawasawa kabisa," akasema. "Hapa ndani hakuna jibu la makosa. Unachoona, ndicho kilicho."

Nimekaa na watu wakubwa, nimesikia hotuba nyingi, lakini hakuna maneno yaliyowahi kuniingia kama hayo. Shuleni kila jibu langu lilikuwa na makosa. Ndiyo maana nilikuwa salama, maana mambo mabaya niliyoyawaza pia yangekuwa makosa. Sasa huyu mtu anasema nikiona kitu, kiko.

Tukazunguka nguzo, na hapo ndipo nilimwona mama.

Alikuwa amesimama, kimo chake kabisa, mti wa mvule uliopakwa vanishi mpaka ukawa na rangi ya ngozi yake. Kikapu kiko kiunoni, mkono wa kushoto umekikumbatia, na kidole cha mwisho kimepinda. Kichwa kimeinama kidogo kulia, kwa hiyo sikio la kushoto limetokeza mbele, limepasuka mara mbili, mpaka ule mkunjo mdogo uko. Macho yalikuwa yamefungwa. Na hakuwa na miguu. Kuanzia magotini kwenda chini alikuwa gogo tu lenye magome, kama bado hajamaliza kutoka, au kama ameanza kurudi.

Wenzangu hawakumtambua. Wao walimjua mama kwa leso na kelele zake, si kwa sikio. Kijana akauliza, na huyu anafanya nini? Mmoja akasema anasali. Mwingine akasema anahesabu ndizi akilini. Kisha Barasa, huyo huyo Barasa, akasogea akamtazama usoni, akasema:

"Huyu mama amekufa. Amekufa amesimama."

"Sawasawa," akasema kijana.

Nilihisi mkojo. Msichana mmoja wa mbele akauliza mbona hana miguu. Kijana akaeleza kwa furaha tele kwamba hii ndiyo sanamu inayopendwa kuliko zote, imeshanunuliwa na daktari wa Eldoret, na Jumamosi jioni gari litakuja kuichukua. Daktari ataisimamisha kwenye bustani ya maua. Hiyo sehemu ya magome, akasema, akipitisha mkono magotini pa mama, yote inaingia chini ya udongo.

Njiani kurudi waliimba. Mimi nilikaa nimeangalia barabara inakimbia nyuma. Mwalimu Khaemba aliniuliza kama lori limenichafua roho, nikaitikia kwa kichwa. Ningemwambia nini? Ukilitamka umeliita, ndivyo Kukhu alisema. Ukinyamaza, Jumamosi inakuja yenyewe.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapepeta maharagwe. Nilisimama mlangoni nikamtazama sikio. Akaniuliza Kitale tumeona nini, nikasema vitu vya mbao. Akasema vitu vya mbao hata hapa vipo, si wangebaki tu wakawaonyesha kuni. Akacheka mwenyewe, na makapi yakamwingia kooni akaanza kukohoa. Nyinyi mnajua kukohoa ni kukohoa tu, lakini mimi niliona kifo kimeanza. Mimi nilikimbia kuleta maji, nikamwaga nusu njiani.

Ijumaa nilikataa kwenda shule. Baba alinyoosha mkono kwenye fimbo, nikamwambia tumbo, na nilikuwa nimekonda uso kiasi kwamba aliamini. Siku nzima nilimfuata mama. Akienda mtoni niko, akienda kwenye migomba niko, akiingia chooni nimekaa nje juu ya jiwe. Akasema leo amepata mkia. Mchana alijilaza kwenye mkeka kidogo, macho yakafunga, kichwa kikainamia kulia, vile vile kama kwenye mti. Nilitambaa nikaweka vidole karibu na pua yake nisikie kama pumzi inatoka. Akafungua jicho moja.

"Unatafuta nini hapo?"

"Nzi," nikasema.

"Umempata?"

Nikasema ndiyo, ameruka. Akalishikashika sikio lake, akalifunga tena lile jicho.

Jumamosi ilikuwa siku ya Kitale. Nilikuwa nimeficha ndala zake kwenye ghala la mahindi, nikidhani asiyekuwa na ndala haendi popote. Alitafuta, akalaani kuku, akasema atakwenda miguu mitupu, na lori lilipopiga honi nilining'inia kwenye leso yake mpaka ikafunguka mbele ya watu. Baba akaja na fimbo kweli sasa. Mama ndiye alisema aniache, atanipeleka, nikaone jua la soko labda litanichoma huo ujinga. Nikapanda juu ya ndizi na hofu yangu.

Yeyote aliyewahi kukaa na mtu mgonjwa anajua vile mchana unavyoweza kukimbia. Mama aliuza, akabishana, akatukana mnunuzi mmoja kwa adabu, akamwongezea mwingine kidole cha ndizi. Mimi nilikuwa naangalia kivuli cha meza kikirefuka. Kila gari kubwa lililopita nililidhania ni lenyewe. Jua lilipoanza kushuka, mama akamwambia jirani yake amwangalizie, anaenda kibandani kwa Mzee Okiring kuweka makapu. Nikamuuliza ni nani huyo Okiring. Akasema ni mzee Mteso anayechonga vitu nyuma ya soko, mvua ikinyesha anawakaribisha kibandani kwake, na yeye mama humwachia mizigo iliyobaki. Akaongeza, kama jambo la kawaida tu, kwamba huyo mzee aliwahi kumwomba asimame pale na kikapu ili amwangalie, mara nyingi tu, na yeye alisimama maana kuna kivuli na hakuna hasara. Baba hajui, na nisimwambie.

Hapo mdomo ulifunguka wenyewe. Nilikaa chini kwenye maganda ya ndizi nikamwambia yote, ya ukumbi, ya macho yaliyofungwa, ya Barasa, ya daktari, ya leo jioni. Nililia kwa sauti mpaka wanawake wa mafungu ya nyanya wakageuka. Nilingoja acheke. Katika mawazo yangu yote ya siku hizo, pale nilipojipa moyo, nilimwona mama akicheka na kunipiga kofi la mgongo na mambo kuisha.

Hakucheka.

"Ni kubwa kama mimi?" akauliza.

"Kama wewe."

"Nilidhani anatengeneza kitu cha kuweka mezani." Mkono ukamwenda kwenye ndewe. "Sikio liko?"

"Liko."

"Na kidole?"

"Kiko."

"Na hiyo sehemu inaingia chini, wamesema mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwenye magoti yangu. Mama akakaza leso yake, fundo likateleza, akalifunga upya, likateleza tena. Mimi nimeona mambo mengi ya kutisha tangu siku hiyo, lakini sijaona kama hilo. Mtoto anaweza kuogopa mpaka asubuhi kama mama yake haogopi. Mama akianza, hakuna mahali pa kwenda tena.

Tulikimbia. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, anauvuta kama kamba. Nje ya ukumbi kulikuwa na gari la mizigo limefungua nyuma, wanaume wawili wanatandika magunia. Ndani kulikuwa na watu waliovaa vizuri, wameshika glasi, na kati yao Mzee Okiring, mfupi, amevaa koti ambalo si lake. Mama alipita katikati yao miguu mitupu, kikapu kichwani, hakusalimia mtu. Akafika kwa yule mwanamke wa mvule. Akamzunguka polepole, mara moja. Watu wakaanza kuona wawili hao, huyu na yule, na minong'ono ikakatika.

"Mzee Okiring," mama akasema, "umenitoa vizuri."

"Asante, mama."

"Sasa nirudishe."

Mzee alidhani ni malipo anataka. Mama akamwambia hataki kitu chake, anataka hii isiingie kwenye udongo ikiwa na sura yake. Yule kijana wa nywele nyingi akaingilia kati na tabasamu, ati mama anaielewa kazi kwa njia yake, na kila njia ni sawa. Mama hakumwangalia. Watu wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha chini cha waliosoma.

Okiring hakucheka. Akasema kwa upole, "Mama, ni mti tu huu."

"Hata shemeji yangu alikuwa mti tu," mama akasema. "Tulimvalisha shati tukamlilia."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Wateso na Wabukusu wamekaa pamoja miaka mingi, na nadhani alikumbuka kitu alichokisikia kwa majirani. Aliuliza angependa afanye nini, maana hii imeshauzwa, haiko mikononi mwake tena. Mama akasema atoe sikio. Na kidole.

"Nikitoa sikio," Okiring akasema, "inakuwa mtu yeyote."

"Iwe mtu yeyote. Mtu yeyote ana kwao. Mimi nina watoto."

Mnunuzi hakuwepo, na yule kijana alikuwa sasa hatabasamu tena. Alisema daktari aliipendea hilo sikio. Wale wa gari wakapiga honi. Okiring akasimama kati ya pande zote, akipangusa mikono kwenye lile koti la watu, na nikaona kwamba na yeye inamuuma, ameikalia hii kazi miezi. Akamwambia mama, sikio atalitoa, lakini kidole amwachie. Kidole ndicho kinachoshika kikapu, akikigusa mkono wote utakufa.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa soko. Alilishikashika sikio lake, na nilijua anapima. Nilimvuta, nikasema kidole pia, mama, kidole pia. Akasema, "Sawa. Kidole kaeni nacho."

Mzee akavua koti. Akachukua patasi na nyundo ya mti kutoka mfuko wa kitambaa, akaweka ncha pale nyuma ya ndewe. Alipogonga mara ya kwanza, kibanzi kikaruka, na mama akashtuka akafunika sikio lake kwa kiganja. Mimi niliangalia kati ya vidole vyake kama damu inatoka. Alipogonga tena alishtuka tena. Ukumbi wote uliona. Hakuna aliyecheka safari hii, na mwanamke mmoja aliyevaa lulu shingoni nilimwona na yeye ameshika sikio lake mwenyewe, bila kujua. Okiring alipomaliza alilainisha kwa msasa, akalipaka vanishi kidogo, na pale palibaki upande laini tu wa kichwa, kama mtu ambaye hakuwahi kuitwa jina.

Wakambeba. Tulisimama kando ya barabara mpaka gari likapotea kwenye kona ya kwenda Eldoret, kidole kimepinda kinatokeza kwenye gunia. Nilikuwa najiona ndiye nimemshika mama mkono ili asivutwe. Ni baadaye, kwenye lori la kurudi, niliona alama za kucha zake kwenye kiganja changu.

Msije mkadhani nasimulia kilio. Mama aliishi. Aliishi sana, bana. Aliona lori langu la kwanza, akakaa mbele karibu na mimi kutoka Bumula mpaka Kitale, akiniambia nipunguze mwendo. Aliwaona wajukuu. Amezikwa mwaka huu pale Matulo, kwa mwili wake, sikio lake na kidole chake, na Mchungaji aliomba bila kusimama kando. Watu waliojaa pale siku hiyo ni mimi niliwalisha wote.

Ila watu husema niliacha shule kwa sababu kichwa kilikuwa kigumu, na mimi mwenyewe nimeacha waseme hivyo, inapendeza mtu ajue kwamba umefika hapa na kichwa kigumu. Ukweli ni wa Jumatatu ile. Mimi nilikuwa nimevaa sare. Jumapili yote nilikuwa nimewaza kile kidole, kwamba sasa kiko kwenye udongo wa Eldoret, na nimelala nikisikiliza pumzi ya mama. Lakini mtoto ni mtoto, asubuhi nilichukua mfuko wangu nikashika njia. Baba alikuwa anachukua jembe ukutani. Mama alitoka jikoni na makapu mawili, kubwa na dogo, akasema leo naenda na yeye Bokoli.

Baba akamuuliza, na shule?

"Leo tu," mama akasema.

Alisema hivyo Jumanne pia, na Jumatano, na muhula ukaisha. Hakuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kumuuliza. Tulifanya kazi. Nilijua kupima kwa macho kabla sijajua kugawanya kwa kalamu, na hayo ndiyo yamejenga nyumba hii. Lakini hiyo Jumatatu ya kwanza sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba amenitwika lile kapu dogo kichwani, amelikalisha sawa kwa mikono miwili, na kwamba nilikuwa naogopa kwenda mbele kwa sababu nikienda mbele sitamwona.

Aliliona hilo usoni kwangu. Akaweka kile kidole kilichopinda katikati ya mabega yangu, kilikuwa na joto, akanisukuma kidogo.

"Tangulia," akasema. "Mimi niko."